Kanuni za maji yaliyorejelewa zianzie kwenye mabomba

Mhariri,

Kila zinapoandaliwa kanuni za majengo mapya ya biashara yatakayotumia maji yaliyorejelewa, yaani majitaka yaliyosafishwa ili yatumike tena chooni, bustanini na kwenye minara ya kupozea hewa, mjadala karibu wote huishia kwenye mtambo: uwe wa aina gani, uchuje kiasi gani, uue vijidudu kwa klorini au kwa miale ya urujuanimno. Viwango vya ubora vipo tayari. California, kwa mfano, maji ya daraja la juu hayatakiwi kuzidi bakteria 2.2 wa jamii ya kolifomu, wanaotumika kupima usafi wa maji, katika kila mililita 100, kwa wastani wa kati wa siku saba. Na mtambo una kengele, vipimo na mtu wa kuulinda. Hatari kubwa iko juu ya dari, kwenye mamia ya mita za mabomba ambayo hakuna anayeyatazama. Hapo ndipo bomba la maji ya chooni huunganishwa kimakosa na bomba la maji ya kunywa.

Kwa hiyo sharti la kwanza liwe mitandao miwili ya mabomba tangu jengo likiwa kwenye ramani. Wakati wa ujenzi, mtandao wa pili ni bomba la ziada kwenye shafti ileile, yaani njia ya wima ya kupitishia mabomba. Jengo likishakamilika, kazi hiyohiyo inadai slabu zitobolewe, vigae vibanduliwe na vyoo vifungwe ghorofa baada ya ghorofa. San Francisco ilianza mwaka 2015 kuyataka majengo mapya ya futi za mraba 250,000 na zaidi yawe na mfumo wake wa kutumia maji upya, na mwaka 2022 ikashusha kiwango hadi futi 100,000, kama mita za mraba 9,300. Mahali ambapo maji hayo bado hayapatikani, bomba lilazwe hata hivyo na lipewe maji safi kwa muda, lakini lihesabiwe kuwa si la kunywa tangu siku hiyo.

Rangi ya zambarau imeshazoeleka katika nchi nyingi kwa mabomba haya. Haitoshi. Bomba likifunikwa sponji ya kuzuia joto, zambarau yote inapotea, na mpaka rangi anayepulizia dari nyeupe hasiti kuyapulizia na mabomba. Kanuni iseme wazi: maandishi ya onyo yawe juu ya kifuniko, yasomeke mtu akiwa amesimama sakafuni, yarudiwe kila baada ya mita 6 hivi na angalau mara moja katika kila chumba. Tena kusiwe na koki ya kawaida popote kwenye mtandao huu. Ya bustanini iwe ya kufunguliwa kwa ufunguo maalumu, maana koki ya kawaida ikiwepo mtu atakinga maji anywe.

Mtambo ukizimika, tangi la maji yaliyorejelewa hujazwa maji safi ili vyoo visikauke. Njia salama ni mwanya wa hewa: mdomo wa bomba la maji safi ubaki juu ya ukingo wa tangi kwa umbali usiopungua mara mbili ya kipenyo cha bomba hilo, na kamwe usiwe chini ya milimita 25. Bomba la milimita 50 linadai milimita 100. Ni kinga isiyo na springi wala raba ya kuchakaa, na bado huharibiwa kwa urahisi wa kusikitisha. Maji yakianguka kutoka juu hupiga kelele na kurusha matone, basi mtu anavalisha kipande cha mpira kwenye mdomo wa bomba na kukizamisha ndani ya tangi. Kelele inakwisha, na kinga imekwisha nayo: presha ya maji safi ikishuka, mpira ule unafyonza maji ya tangi kuyapeleka kwenye sinki la jikoni. Mkaguzi asiridhike na kuuona mwanya kwenye mchoro. Apande ngazi na rula mkononi.

Kisha jaribio, ambalo kwetu ndilo roho ya kanuni nzima. Funga maji yaliyorejelewa kwenye chanzo, yamwage yote, uache maji safi yakiwa na presha kwa muda usiopungua saa moja. Fungua kila kitu kinacholishwa na mtandao uliokauka: kila tangi la choo, kila beseni la haja ndogo, kila valvu ya bustani. Kikitoa maji kimoja tu, mitandao imekutana mahali. Geuza zamu: rudisha maji yaliyorejelewa, kausha maji safi, fungua kila bomba la kunawia, la jikoni na la kuogea. Kila kimoja kiandikwe kwa namba yake, kwa sababu choo cha mlinzi na sinki la chumba cha pampu ndivyo husahaulika. Jengo lisipewe kibali cha kutumika kabla ya hapo.

Jaribio la siku ya makabidhiano peke yake halilindi kitu kwa muda mrefu. Mpangaji mpya anataka sinki la chai. Fundi wake anafungua dari na kutoboa bomba lililo karibu. California hudai ukaguzi kila mwaka na jaribio angalau kila miaka minne. Tungeongeza: lirudiwe kila mabomba ya ghorofa yanapoguswa, hata kama ni sinki moja.

Kuna kosa jingine ambalo huanzia kwenye hesabu. Ofisi ya watu 500, kila mmoja akivuta maji chooni mara tatu kwa siku, lita 5 kila mara, inahitaji lita 7,500. Maji ya kunawa mikono, tukikadiria lita 1 kila mara, ni lita 1,500 tu. Kanuni inayoilazimisha ofisi irejeleze maji ya masinki peke yake inanunua mtambo wa kushinda na kiu. Hoteli ina maji ya kuogea ya kutosha. Ofisi iruhusiwe kuchanganya na maji ya mvua, matone ya viyoyozi au majitaka ya vyoo yenyewe, kila chanzo kwa kiwango chake cha usafishaji. Maji ya kuogea na kunawa yasilale ghafi zaidi ya saa 24, kwani baada ya hapo huvunda na harufu hupanda hadi mapokezi.

Mwisho ni minara ya kupozea, ambayo hurusha matone hewani. Legionela, bakteria wanaoleta homa ya mapafu mtu akivuta matone hayo, hustawi kwenye maji ya vuguvugu, hivyo dawa ya kuua vijidudu na vizuizi vya matone viwe lazima. Amonia nayo ipimwe kabla maji hayajafika huko, kwa sababu hula shaba ya vipoozeo.

Ni sisi,
Wahandisi wa maji na mafundi bomba