Mama wa Tuoba Gui asiachwe nje ya ukoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie makala mliyochapa juma lililopita kuhusu ukoo wa Tuoba, wale Waxianbei, wafugaji wa nyika za kaskazini, walioanzisha dola ya Wei ya Kaskazini nchini China. Makala ilikuwa nzuri, nami nimeikata na kuihifadhi. Kilichoninyima usingizi ni ule mchoro wa ukoo uliowekwa pembeni. Umeshuka mstari mmoja ulionyooka: Shiyiqian, chini yake mwanawe Shi, chini ya Shi mjukuu Gui, mwanzilishi wa Wei. Mama yake Gui, bibi wa ukoo wa Helan, hayumo. Mdogo wake Gui, aliyeitwa Gu, hayumo pia. Mhariri, kwa kumwacha Gu mmemwacha shahidi mkuu wa shauri zima.

Nilifanya kazi miaka 31 katika masjala ya mahakama, meza ya mirathi. Sikuwahi kuwa hakimu wala wakili. Kazi yangu ilikuwa kupokea hati, kuzipanga na kuzisoma kabla hazijapanda juu. Majalada yaliyopikwa niliyajua mapema. Majina huwa sawa, mihuri huwa sawa, hata machozi ya mashahidi huwa sawa, ila tarehe hazisalimiani. Tangu nistaafu nimekuwa nikisoma historia ya kale ya China kwa jicho lilelile, na jalada la Watuoba nimelirudia mara nyingi kuliko jingine lolote.

Tuanze na maelezo ya mrithi mwenyewe. Kitabu cha Wei, historia rasmi ya dola hiyo, alichokikamilisha mwanahistoria Wei Shou mwaka 554, kinasema kwamba mwaka 371 Zhangsun Jin alichomoa upanga mbele ya Shiyiqian, mtawala wa Dai, dola ya Watuoba kabla ya Wei, akitaka kumuua. Shi, mwana aliyeandaliwa kurithi, akamkabili na kumkamata, lakini akajeruhiwa ubavuni, na jeraha lile likamuua baada ya muda mfupi. Mkewe alikuwa mjamzito. Mwezi wa saba wa mwaka uleule akajifungua mtoto wa kiume karibu na maji ya Canhe. Huyo ndiye Gui, mtoto aliyeachwa tumboni, mjukuu wa Shiyiqian kwa mwanawe halali. Mchoro wenu umefuata maelezo hayo neno kwa neno.

Sasa msikilizeni jirani. Kitabu cha Song, kilichoandikwa kusini na Shen Yue katika karne ya tano, kinasema wazi kuwa Gui ni mwana wa Shiyiqian. Kitabu cha Qi ya Kusini kinasema hivyohivyo. Kitabu cha Jin, kilichokusanywa mwaka 648, kinaleta habari nyingine kabisa: kwamba jeshi la Fu Jian, mtawala wa dola jirani ya Qin, lilipoivamia Dai mwaka 376, mwana wa Shiyiqian alimfunga baba yake kamba na kujisalimisha, kisha Shiyiqian akapelekwa Chang'an, mji mkuu wa Fu Jian, kusomeshwa adabu katika chuo cha mfalme, na yule mwana akahamishiwa Shu, mbali kusini-magharibi, kwa kosa la kumvunjia baba heshima. Jina la mwana huyo linafanana mno na la Gui. Kitabu cha Wei kinakataa yote hayo. Chenyewe kinasema Shiyiqian aliuawa mwaka huohuo 376 na mwanawe mkubwa Shijun, aliyezaliwa na suria, baada ya kuchochewa kwamba urithi ungekwenda kwa watoto wa malkia wa ukoo wa Murong.

Watu wa kusini walikuwa maadui wa Wei, na adui hupenda kusikia mabaya. Hilo nalikubali. Isitoshe, kama Gui alizaliwa mwaka 371, mwaka 376 alikuwa mtoto wa miaka mitano, na mtoto wa miaka mitano hamfungi mtu kamba. Kwa hiyo habari ya Chang'an siichukui ilivyo. Lakini uadui wa shahidi haufuti kila anachosema. Maofisa wetu wapya masjalani walipenda sana kutupa karatasi ya upande wa pili kwa sababu imeletwa na mgomvi, na mara nyingi karatasi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na tarehe ya kweli.

Hapa ndipo Gu anapoingia, na simwiti kutoka katika kitabu cha adui. Ni Kitabu cha Wei chenyewe kinachosema kuwa bibi Helan alikuwa na mwana mdogo, Gu, ndugu tumbo moja na Gui. Mwaka 391 Gui alimtuma ndugu yake huyo kwa Murong Chui, mtawala wa Yan. Wana wa Murong Chui wakamzuia wakidai wapewe farasi wazuri. Gui akakataa. Gu akajaribu kutoroka, akakamatwa tena. Akakaa ugenini akisoma vitabu vya kale, akahifadhi maneno mamia ya maelfu, hata watu wa Yan wakamheshimu. Nyumbani mama yake akaugua kwa kumwaza. Akafa mwaka 396 akiwa na umri wa miaka 46, mwanawe hajarudi. Mwaka uliofuata Gu aliuawa katika mji wa Zhongshan, na jeshi la Gui lilipouteka mji huo waliohusika waliangamizwa pamoja na jamaa zao.

Nimekaa sana kwenye habari hii kwa sababu inanigusa, na kwa sababu ndani yake mna hesabu. Kama Shi alikufa mwaka 371 na Gui alizaliwa baada ya kifo hicho, mdogo wake Gui kwa mama yuleyule hawezi kuwa mtoto wa Shi. Bibi Helan alikuwa na mume mwingine, au alichukuliwa na mwanamume mwingine, ndani ya ukoo uleule, maana Gu alihesabiwa Mtuoba na akapewa cheo cha mwana wa ukoo wa kifalme.

Wei Shou anajua kuna shimo hapo. Amemweka Gu miongoni mwa watoto wa Han, mwana mwingine wa Shiyiqian. Ingekuwa kweli, shauri lingekwisha kwa amani, kwa sababu vitabu vya China vinavyoeleza Wawuhuan, jamaa wa karibu wa Waxianbei, vinasema wazi kwamba mtu aliweza kumrithi mjane wa kaka yake, na hata mke wa baba ambaye si mama yake mzazi. Hakuna aibu hapo. Lakini kitabu hichohicho kinasema Han alifariki katika mwaka wa 10 wa utawala wa Shiyiqian, yaani mwaka 347. Mwanamke aliyekufa mwaka 396 akiwa na miaka 46 alikuwa hajazaliwa mwaka 347! Na Shiyiqian mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 320, asingekuwa na mwana wa tatu aliyekwishaongoza majeshi na kufa kabla baba hajatimiza miaka 30. Ama mwaka umekosewa, ama Han amesukumiwa mtoto asiye wake. Kwa mazoea yangu, tarehe inapokuwa mbovu mahali penye aibu tu na mahali pengine ni nzima, siiti kosa la kalamu.

Anabaki nani? Anabaki Shiyiqian, baba mkwe. Rai yangu, na wapo wanazuoni wa China walionitangulia katika njia hii, ni kwamba baada ya kifo cha Shi mzee alimchukua mkazamwana wake, Gu akazaliwa, na Gui akakua akimwita babu yake baba. Hapo hata watu wa kusini hawakusema uongo mtupu. Waliandika walichosikia kwa wajumbe na wakimbizi. Sisemi Gui hakuwa mtoto wa Shi. Nasema mstari wenu mmoja ulionyooka hauwezi kubeba mambo yaliyotokea katika hema lile.

Msomaji atauliza, inatuhusu nini? Iliwahusu wao kwa damu. Mwaka 386 Gui, akiwa kijana wa miaka 15 tu, alisimikwa kuwa mtawala wa Dai huko Niuchuan. Mwaka huohuo Kuduo, mwana mdogo wa Shiyiqian, akaja na jeshi kudai kiti, na makabila mengi yakayumba. Gui aliokoka kwa msaada wa Murong Chui, yuleyule ambaye baadaye watoto wake walimzuia Gu. Kati ya mwana wa mtawala na mjukuu wake, nani mwenye haki? Waxianbei walizoea kiti kipite kwa ndugu pia; Shiyiqian mwenyewe alimrithi kaka yake mwaka 338. Ila kwa yeyote aliyetaka kutawala Wachina kwa desturi zao, mjukuu aliyezaliwa na mwana mkubwa halali ni hati nzito, na mtoto wa mjane aliyechukuliwa na baba mkwe ni hati inayofichwa.

Kufichwa huko kulikula watu. Tuoba Tao, mjukuu wa Gui, alimwagiza waziri wake Cui Hao aandike historia ya taifa, tena kwa ukweli. Ikaandikwa, kisha ikachongwa kwenye mawe na kusimamishwa nje ya Pingcheng, ambayo leo ni Datong, mahali wapita njia wote waliposoma na kusimuliana. Wakuu wa Xianbei wakawaka hasira. Mwaka 450 Cui Hao akafungiwa katika kizimba, walinzi wakamkojolea njiani, akauawa pamoja na ukoo wake na koo za wakwe zake. Sababu zinabishaniwa mpaka leo, lakini mwanahistoria Zhou Yiliang ameonyesha kwamba mambo ya namna hii ya ndoa za wazee wa Tuoba yanaweza kuwa ndiyo yaliyochongwa pale hadharani. Mawe hayakubaki. Wei Shou aliandika miaka 104 baadaye akijua fika yaliyompata mwenzake.

Na akina mama waliendelea kulipa. Gui alipomteua mwanawe Si kuwa mrithi aliamuru mama wa kijana huyo, bibi wa ukoo wa Liu, auawe, ili ukoo wa mama usije ukashika dola. Kijana Si alilia asinyamaze, akafukuzwa machoni pa baba, akakimbia. Mwaka huo, 409, Gui aliuawa usiku na mwanawe mwingine, Shao, aliyekuwa na umri wa miaka 16. Mama yake Shao alikuwa mdogo wa bibi Helan yuleyule. Gui alimtamani mama yake mdogo, akamuua mumewe, akamchukua. Siku alipouawa alikuwa amemfungia mwanamke huyo akikusudia kumuua.

Watuoba walikuwa na msemo wao wa kale kuhusu mababu: Jiefen hana ukweni, Liwei hana wajomba. Walisimulia kwamba Jiefen alikutana na binti wa mbinguni porini, na mwaka uliofuata binti akamkabidhi mtoto, Liwei, akaondoka zake. Nikiusoma msemo huo huwa namwona yule mama asiye na jina wala kwao. Bibi Helan alikuwa na kwao, alikuwa na kaka zake waliompokea na mtoto mgongoni Dai ilipoanguka, na ana umri na mwaka wa kifo ulioandikwa. Hakuna sababu ya kumfanya naye binti wa mbinguni.

Ombi langu ni dogo. Mkichapa mchoro ule tena, mwekeni bibi Helan, alizaliwa 351, alifariki 396. Chini yake wekeni watoto wawili. Kutoka kwa Gui mstari uende kwa Shi, mwingine wa nukta uende kwa Shiyiqian. Kutoka kwa Gu wekeni wa nukta kwa Shiyiqian, na mwingine kwa Han, kando yake mwandike mwaka 347 ili msomaji ahesabu mwenyewe.

Wako,
Karani mstaafu wa masjala ya mirathi