Wapewe pa kufanyia mazoezi

Ndugu Mhariri,

Mwanangu anajifunza usalama wa kompyuta, nami nilihofu asije akajaribu ujuzi wake kwenye mitambo ya watu, jambo ambalo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalikataza. Nilitulia nilipomwona akicheza Bandit ya tovuti ya OverTheWire, mchezo wa bure uliowekwa mahsusi kwa mazoezi hayo, ambao kila ngazi humtaka mchezaji atafute nywila ya ngazi inayofuata, na kwa kuwa ni maandishi matupu, haumalizi bando. Juzi alihangaika na faili lenye jina la kistari kimoja tu, mpaka chai ikapoa. Je, vyuo vya hapa Tanga haviwezi kuwafungulia vijana vyumba vya kompyuta jioni, wakafanya mazoezi haya pamoja?

Mzazi,
Ngamiani, Tanga.