Kupoteza mji sio kuisha

Mhariri, salamu. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi huku Mtwara ila habari yenu ya wapiganaji wa Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, mliowaita al-Shabaab, imenikwaza.

Kwanza hilo jina al-Shabaab. Wenyeji wa kule kweli wanawaita mashababi, lakini sio wale wa Somalia, wale wa Somalia wako na al-Qaeda na hawa wa Msumbiji waliapa utii kwa IS, lile kundi linalojiita Dola la Kiislamu, na hao wawili hawapikiki chungu kimoja, kule Puntland, kaskazini mwa Somalia, wamepigana wenyewe kwa wenyewe baada ya kiongozi mmoja, Mumin, kujitoa al-Shabaab 2015 akaenda IS. Mkiandika jina tupu mnatuchanganya.

La pili ndo limenifanya nishike simu, eti kundi "limesambaratishwa" kwa sababu halina mji. Jamani! Mji wa Mocímboa da Praia waliuchukua Agosti 2020 wakakaa nao kama mwaka hivi, wakaja wanajeshi wa Rwanda 2021 wakawatoa, sasa wakafanyaje? Wakajigawa vikundi vidogo vidogo wakashuka kusini, 2022 tunasikia mara Ancuabe mara Chiúre mpaka mkoa wa Nampula, sehemu ambazo mwanzo vita ilikuwa haijafika. Al-Shabaab wa Somalia walitoka Mogadishu 2011 na mpaka leo kuna wafanyabiashara mle mle mjini wanawalipa kodi. IS yenyewe ilinyang'anywa Baghouz, ngome yake ya mwisho kule Syria, Machi 2019, Aprili tu ikajitangazia shambulio la kwanza Kongo, upande wa Beni.

Na hao wa Kongo msidhani walishuka na ndege toka Syria. Ni ADF, waasi wa Uganda wa miaka ya 90 waliokuwa wanamtaka Museveni aondoke, wakakimbilia msituni Kongo, wakapigwa wakachoka, bosi wao Mukulu akakamatwa hapa hapa Tanzania 2015, aliyebaki, Baluku, akatafuta bendera kubwa ya kujifunika. IS kapata pa kutangaza, yeye kapata jina na hela, biashara ikaenda.

Oktoba 2020 hawa wa Msumbiji walivuka mto Ruvuma wakaja kuua watu kijijini Kitaya huku Mtwara, kwa hiyo kwetu hii sio stori ya mbali. Naomba siku nyingine mwandishi wenu asiandikie Dar, aje aongee na wavuvi na wanaovuka mto kila wiki, awaulize barabara gani madereva wanaikwepa siku hizi na kijiji gani kimehamwa, asiulize tu nani anashika mji gani.

Msomaji, Mtwara