Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Data Kubwa za Falaki na Uangalizi wa Dunia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wakufunzi wetu,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wahitimu wa mafunzo haya, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Tunaomba dakika chache tueleze kazi hii ilivyo, kisha tuwasilishe maombi yetu.

Wengi huuliza kwa nini mtazama nyota na mtazama mashamba wasome darasa moja. Kwenye kompyuta, kazi zao zote mbili ni namba nyingi mno zenye kelele, yaani uchafu usiotakiwa, ndani yake. Darubini ya redio ya MeerKAT, katika nyika kavu ya Karoo nchini Afrika Kusini, ina antena 64 zenye kipenyo cha meta 13.5 kila moja, nazo zimepangwa kuingizwa katika SKA-Mid, darubini kubwa zaidi ya redio itakayokuwa na antena 197. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, zinazoitazama Dunia, nazo hupiga picha kwa bendi 13, yaani aina 13 za mwanga, na mbili zikifanya kazi pamoja hurudi mahali pale pale kila baada ya siku 5. Kushusha terabaiti moja kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku 9, tena umeme usipokatika. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa mapema kuipeleka programu yake kwenye seva zilizohifadhi data.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, muda mwingi huliwa na kusafisha data. Chukua kipimo cha uoto, NDVI: unatoa thamani ya mwanga mwekundu kwenye ile ya infraredi ya karibu (mwanga usioonekana kwa macho), kisha unagawanya kwa jumla ya hizo mbili. Shamba lenye infraredi 3000 na nyekundu 400 hupata 0.76, mazao yamestawi. Ila tangu tarehe 25 Januari 2022, picha za Sentinel-2 huja na nyongeza ya 1000 katika kila pikseli (kijisanduku kimoja cha picha) yenye data, na mtumiaji ndiye anayepaswa kuiondoa. Asipoiondoa, namba zinasomeka 4000 na 1400, na shamba lile lile linaporomoka hadi 0.48. Programu haitoi onyo lolote. Mchoro wa miaka kadhaa utaonyesha ukame ambao haukuwahi kutokea, na ripoti itasainiwa hivyo hivyo. Isitoshe, baadhi ya hifadhi za data zimekwisha kuiondoa nyongeza hiyo, na anayeiondoa mara ya pili anaharibu upya. Dawa yake ni kusoma maelezo yanayoambatana na picha kabla ya kupiga hesabu yoyote, kazi ambayo hakuna anayeipenda.

Kwa upande wa anga, mawimbi ya simu, ndege na setilaiti hufunika ishara dhaifu zitokazo mbali. Kichujio kikilegezwa, uchafu unabaki. Kikikazwa mno, kinafuta hata mipigo halisi ya pulsa, nyota zinazozunguka na kutoa mipigo ya mawimbi ya redio. Hapo hakuna njia ya mkato, lazima mtu aitazame michoro kwa macho yake.

Katika kuifundisha mashine, yaani programu inayojifunza kwa mifano, tunaonya juu ya alama nzuri. Seti ya HTRU2, ya data za kutafutia pulsa, ina mifano 17,898, na pulsa halisi ni 1,639 tu. Programu inayojibu "si pulsa" kila mara hupata usahihi wa karibu asilimia 91 bila kugundua hata moja. Swali la kuuliza ni: kati ya pulsa halisi, imekamata ngapi? Kwenye ramani za mazao, pikseli za shamba moja zikigawanywa, nyingine za kufundishia na nyingine za kupimia, mashine inakuwa imeshaliona jibu. Mgawanyo ufuate maeneo, shamba zima liwe upande mmoja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni mawili. Kwanza, wahitimu waendelee kupata muda kwenye kompyuta zenye nguvu baada ya mafunzo, kwani akaunti zikifungwa, ujuzi huu hupotea haraka. Pili, na hili ndilo kubwa, zitengwe fedha za kukusanya data shambani. Picha ni za bure. Anayekwenda kuhakiki kwamba hapa pana mahindi na pale pana mtama si wa bure. Naye afundishwe kuingia katikati ya shamba kabla ya kurekodi GPS, maana pikseli ina upana wa meta 10, na nukta iliyochukuliwa akiwa amesimama barabarani huifundisha mashine kwamba barabara ni mahindi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.