Mabomba mawili ya Shela na majibu ambayo hayajarudi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi wa visima hapa Shela, kisiwani Lamu. Kazi hii nimeirithi kwa marehemu baba, naye aliishika baada ya kuacha ubaharia. Nimekuwa nikishuka visimani tangu nina miaka 16, vya misikiti na vya majumba, na leo nina wajukuu wanne. Ninaloliandika limenikaa kifuani siku nyingi.

Watafiti kwetu si wageni wa ajabu. Yuko anayekuja kuhesabu kasa, yuko wa samaki, na wa mikoko hawakosekani, maana zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii. Tunawapokea, tunawapa mashua, tunawaonyesha njia. Lakini mimi nitasema la maji tu, kwa sababu ndilo ninalolijua kwa mikono yangu.

Miaka kama 12 iliyopita lilikuja kundi la watafiti wa maji. Taasisi yao sitaitaja, sina nia ya kumwaibisha mtu. Walitaka mtu anayejua mchanga wetu unasimama wapi na unaporomoka wapi, wakaelekezwa kwangu. Mimi na mpwa wangu tulifanya nao kazi siku tisa. Tulizamisha mabomba mawili ya plastiki nyuma ya mji, chini ya vilima vya mchanga, moja fupi na moja refu sana. Ndani yake walikuwa wakiteremsha utepe wa kupimia ambao ncha yake ikigusa maji, unalia. Mara ya kwanza kuusikia nilisimama nikaacha koleo. Baba alipima visima kwa mshipi wenye chubwi la risasi, vile vile alivyopima kina cha bahari kwa bildi, na maisha yake yote alitegemea kuhisi kwa vidole pale uzi unapolegea. Hawa walikuwa na uzi unaosema.

Miongoni mwao alikuwamo kijana wa chuo kikuu, Mswahili mwenzetu. Jioni, wenzake wakienda kuoga, yeye alikaa nami ukingoni mwa kisima cha msikiti akinieleza wanachokitafuta. Aliniambia, "Mzee, umeona jahazi lililosheheni linavyokaa majini? Linaloonekana juu ni kidogo, sehemu kubwa imezama. Maji yenu matamu yamekaa hivyo hivyo ndani ya mchanga, yameelea juu ya maji ya bahari."

Nilikuwa nimechimba visima zaidi ya miaka 30 na sikuwahi kuelezwa hivyo. Kwanza mvua inanyesha juu ya vilima vya Shela. Pale hakuna kijito kinachotiririka, mchanga unainywa yote. Maji yanateremka mpaka yakutane na bahari iliyopenya chini kwa chini kutoka kila upande. Hayazami zaidi, kwa sababu maji ya bahari ni mazito. Lita 40 za maji ya bahari uzito wake ni sawa na lita 41 hivi za maji ya mvua. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotunywesha. Kwa hesabu hiyo, pale ambapo maji matamu yamepanda mita moja juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo yako mita kama 40. Akaniambia si hesabu ya jana, Mjerumani anayeitwa Herzberg aliiandika mwaka 1901 baada ya kushughulikia maji ya visiwa vya Bahari ya Kaskazini. Kweli ardhini mambo hayanyooki namna hiyo. Bahari inajaa na kupwa na mpaka wa chumvi unavurugika. Lakini maana yake niliishika papo hapo, nayo ilinitisha: ukiyashusha maji ya juu kwa shubiri moja na yakakaa hivyo, chumvi iliyo chini inapanda, pole pole, shubiri 40.

Waliondoka na chupa zao za sampuli. Waliahidi kurudi na majibu, tukae barazani watusomee. Hawakurudi.

Sasa nieleze kosa langu. Mwaka wa pili baada ya hapo, mwezi wa Machi, kaskazi inakwisha na mvua za mwaka bado, aliniita Bi mkubwa mmoja jirani. Kisima chake kilikuwa cha mababu, cha mawe ya matumbawe, kimo cha watu wawili na nusu. Karibu naye ilikuwa imejengwa nyumba ya wageni iliyotiwa mota ya kuvutia maji, na tangu hapo ndoo yake ilikuwa inapanda na mchanga. Akaniambia, "Mwanangu, niongezee kina, nisije nikakosa maji ya kutawadha." Nikateremsha taa ya chemni kwanza kuangalia hewa, haikuzimika, nikashuka. Nilimchimbia dhiraa tatu zaidi. Maji yalibubujika miguuni pangu, baridi, safi, na nilipopanda juu alinipa kahawa na halua.

Haukupita mwezi akanituma mjukuu wake niende. Nilipofika hakusema neno. Alinipa kikombe cha chai mkononi. Nikanywa. Ilikuwa na munyu. Akaniambia, "Mwanangu, umenichimbia bahari."

Sijalisahau neno lile. Maji ya bahari yana chumvi gramu kama 35 kwa lita, na Shirika la Afya Duniani linasema maji yakizidi gramu moja ya vitu vilivyoyeyuka ndani yake, watu huanza kuyakataa kwa ladha. Piga hesabu mwenyewe: vikombe vitatu vya bahari katika vikombe 100 vya kisima vinatosha. Mimi nilikuwa nimeisogeza ndoo ya mama yule karibu na ile chumvi kwa dhiraa tatu, na mota ya jirani ilikuwa inaivuta kwenda juu. Pampu yenye nguvu ikifyonza mahali pamoja, chumvi huinuka chini yake kama kichuguu, na aliyechimba kina zaidi ndiye inayemfikia kwanza. Kisima kile sasa ni cha kufulia tu, na hata sabuni haitoki povu vizuri. Maji ya kunywa ananunua kwa mtungi, analetewa kwa punda.

Ninalotaka wasomaji wako walielewe, mhariri, ni hili. Bomba refu la wale watafiti halifiki hatua 60 kutoka kisima cha Bi mkubwa. Kipimo cha chumvi inapoanzia, pale pale, kilikuwa kimeshaandikwa katika daftari la mtu. Laiti ningekuwa nacho, ningemwambia, "Mama, usichimbe. Tutafute mahali juu zaidi, kwenye mchanga, tuchimbe kisima kifupi, na uvute kidogo asubuhi na kidogo jioni." Visima vingi vifupi vinavyovutwa kwa upole ni bora katika kisiwa kama hiki kuliko kimoja kirefu chenye mota. Leo nalijua. Siku ile nililotegemea ni nguvu ya koleo, na jawabu lilikuwa limelala katika sanduku mjini.

Nimelitafuta jawabu hilo. Nilipiga simu, nikaambiwa yule kijana ameshahitimu na kuondoka. Nikaambiwa ripoti iko makao makuu. Mwishowe mpwa wangu aliiona katika simu yake, imechapishwa kwa Kiingereza katika jarida, inaonyesha ukurasa wa kwanza tu, na anayetaka iliyobaki alipe kwa dola. Katika ukurasa ule tuliliona jina la Shela. Mchanga ni wetu, shimo tulichimba sisi, na ripoti hatuwezi kuifungua.

Wala msiseme kupima mfululizo ni jambo lisilowezekana Lamu. Bahari yetu inapimwa! Tangu miaka ya 1990 kuna chombo hapa Lamu kinachoandika kujaa na kupwa mchana na usiku, na takwimu zake hutunzwa mpaka Chuo Kikuu cha Hawaii. Tetemeko la Sumatra lilipotokea tarehe 26 Desemba 2004, na wimbi lake likavuka bahari nzima mpaka pwani hii, chombo hicho kililiandika. Huko Malindi wimbi lile lilimchukua mtu mmoja, na Somalia liliua mamia. Nilifurahi kujua kwamba kisiwa chetu kimo katika hesabu ya dunia. Lakini wimbi kama lile mtu anaweza asilione tena maisha yake yote, na chumvi inayopanda chini ya Shela inamfikia kila anayetia chai jikoni, si hapa tu. Mji wa Lamu wenyewe, ule uliotangazwa urithi wa dunia mwaka 2001, unakunywa kutoka visima vilivyo nyuma yetu katika vilima hivi hivi. Bahari ina daftari lake. Kisima hakina.

Sisi wa Shela jambo hili lina uchungu wa pekee. Wazee wetu walihamia hapa kutoka Takwa, ng'ambo ya mlango wa bahari, kisiwani Manda. Msikiti wake umesimama bado, na kaburi lenye nguzo lililoandikwa mwaka 1094 wa Hijra, sawa na 1683 hivi, tunakwenda kulizuru na kuomba mvua. Katika sababu zinazotajwa za mji ule kuhamwa, mojawapo ni visima kuingia chumvi. Na Gede, kule kusini ya Malindi, mtaalamu wa mambo ya kale James Kirkman alipochimbua magofu kuanzia mwaka 1948 alikuta kisima cha nje ya Msikiti Mkuu kilikuwa kimeongezwa kina, maji yamewakimbia. Nikisoma hilo namwona fundi mwenzangu, na koleo lake, na watu wamesimama juu wakimngojea.

Ninaloomba si kubwa. Mtafiti wa maji akija, kibali chake kiwe na sharti la kurudi. Najua masharti ya sasa yanamtaka apeleke nakala ya ripoti Nairobi. Naomba nakala nyingine ije hapa, kwa Kiswahili, kurasa mbili tatu zinatosha, isomwe barazani baada ya sala ya Ijumaa na akina mama wasomewe kwao. Kibali cha mota mpya kisitolewe kabla vipimo havijasomwa mbele ya majirani. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha, na kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari. Kwetu hizo mbili ni haki moja.

Na kipimo kiachiwe wenyeji. Utepe unaolia na kalamu ya kupimia chumvi si mizigo mikubwa. Vijana wetu wanaofungua simu na kuzitengeneza hawatashindwa kuandika tarakimu mbili kila mwezi mwandamo. Wapimaji wa kigeni huja wiki mbili, mara nyingi kusi ikishatulia na bahari nzuri, kwa hiyo Machi yetu hawaijui, nao ndio mwezi unaotuumiza.

Mimi sikungoja. Tangu mwaka ule wa Bi mkubwa, nina mshipi wa baba wenye mafundo, fundo moja kila nusu dhiraa, na kila mwezi naushusha katika kisima cha msikiti, alfajiri, kabla ndoo ya kwanza haijagusa maji. Naandika katika daftari la shule. Mwaka nilioanza, Machi, maji yalikuwa fundo la tisa. Machi iliyopita yalikuwa fundo la kumi, yameshuka shubiri moja. Shubiri hiyo naifikiria usiku. Huenda ni mvua chache, huenda ni mota, na mshipi wangu hauwezi kunitenganishia, kwa kuwa unagusa uso wa maji tu. Kinachotokea chini kinaonekana katika bomba refu peke yake.

Mabomba bado yapo. Lile fupi watoto wamelijaza mawe. Lile refu lilipoteza kifuniko chake, nikalifunika kwa kopo la maziwa nikalikaza na mpira wa baiskeli, na kila baada ya upepo wa kusi naenda kulifukua mchanga usilizike. Aliye na vipimo vya siku zile, au aliye na utepe unaolia, aje Shela aulizie fundi wa visima. Nitamwongoza mpaka hapo, na daftari langu atalikuta.

Fundi wa visima,
Shela, Lamu