Kichwa chekundu cha Paveletsky

Moscow, Jumapili usiku

Kwako Salim,

Salamu nyingi, na usininunie. Najua tangu Ramadhani sijakuandikia: mitihani, halafu uvivu, halafu haya ya uvivu. Ila uliposema Mzee hatoki tena barazani na hata redio haitaki, nimeshindwa kunyamaza. Mpe picha niliyoitia humu kabla hujasoma mbele.

Umempa? Haya.

Jana nilikwenda stesheni ya Paveletsky kupanda treni ya uwanja wa ndege nikampokee Mwanaisha. Ndege ikachelewa, nikajitosa kwenye makumbusho yaliyo pale pale, kukimbia baridi tu. Ndani kuna kichwa cha gari la moshi, U-127, cha mwaka 1910, chekundu cha pilipili mbivu. Kilikuwa kibovu. Mwaka 1923 mafundi wa reli wasiokuwa wanachama wa chama cha Kikomunisti wakakifufua bila kulipwa, wakakipaka rangi, wakawapa wakomunisti zawadi. Wakamchagua Lenin, kiongozi wa nchi, naye mgonjwa hajiwezi, awe dereva wake wa heshima. Januari 1924 hicho hicho ndicho kikavuta maiti yake kuileta Moscow. Dereva kawa mzigo! Nilisimama pale nikasahau ndege.

Kazi hiyo ya kujitolea wenyewe huiita subbotnik, kwa jina la Jumamosi. Ilianza 1919 kwenye karakana nyingine ya reli hapa hapa, watu 15 wakakesha kutengeneza injini 3. Baadaye ikawa ya nchi nzima, na hiari ikageuka ile hiari ya harambee ya chifu, unaijua. Lakini hawa wa U-127? Mimi nasema mtu wa kusukumwa hatengenezi chuma kikapendeza vile. Mwanaisha akanicheka: rangi yenyewe ya juzi! Labda. Bado nasema walikipenda, chama au bila chama.

(Deni lako nalikumbuka. Mwisho wa mwezi.)

Sasa niulizie Mzee, yeye aliyeanza kazi ya reli Changamwe, Mombasa, na zile injini za moshi za daraja la 59 zenye majina ya milima. Injini iliyolala muda ukitaka kuiamsha, waanza na boila au magurudumu? Wao waliwahi kubaki karakana usiku bila ovataimu, kwa mapenzi tu? Mlima wake ulikuwa upi? Injini ya Mount Gelai iko makumbusho ya reli Nairobi. Ukimpeleka kuiona, atakubali kupanda treni mpya ya SGR, ama bado anaiita basi? Na picha, ameitazama au ameigeuza kifudifudi?

Wako,
Bakari