Mjomba, mlima huu hauna mto

Mjomba wangu, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Makarska, mji mdogo wa pwani ya Kroatia. Mbele yake bahari ya Adriatiki, mgongoni mlima Biokovo, hifadhi tangu 1981. Barua nimeiacha wazi kwa sababu wapo wengi waliokulia kwenye chokaa kama sisi.

Jana nilipanda. Mlima wote ni jiwe la chokaa, ukoo mmoja na lile ulilokuwa ukilichoma tanuuni kule Tanga. Kilele chake, Sveti Jure, kina mita 1,762, na ukiwa huko juu visiwa unaviona chini kama ngalawa zilizotia nanga.

Ulinifundisha kulitazama jiwe kabla ya kulipiga nyundo, basi nikapiga magoti. Mvua imelichonga mifereji membamba, na kati ya mfereji na mfereji kumebaki makali kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi. Niliweka kiganja, nikakiondoa upesi. Kwenye kishimo kimoja, ukubwa wa bakuli la uji, kulikuwa na maji ya mvua na nyuki wawili wakinywa. Kutwa nzima sikuona maji mengine juu ya ardhi.

Maana mlima huu hauna mto, Mjomba. Mvua inanyesha, theluji inaanguka, na vyote vinazama kwenye nyufa. Maji ya mvua hubeba hewa ya ukaa, yakawa na ukali kidogo, yakalila jiwe taratibu kwa maelfu ya miaka. Ndivyo yalivyochimbwa hata Mapango yetu ya Amboni.

Yako mashimo marefu ambamo theluji hukaa kivulini hadi jua la kiangazi. Zamani, kabla ya majokofu, watu walishuka humo kukata barafu na kuipeleka pwani. Viazi walivilima kwenye vibonde vya mviringo, maana ndipo udongo ulipojikusanya, wakavizungushia kuta za mawe makavu yaliyopangwa bila tone la saruji. Ufundi huo UNESCO iliutambua mwaka 2018, kwa Kroatia pamoja na nchi nyingine saba.

Wageni wengi huja kwa ajili ya ile njia ya kioo iliyofunguliwa 2020, inayoning'inia kwenye mita 1,228. Nami nilisimama juu yake, na ni pazuri kweli. Ila ukuta wa viazi ndio ulionishika. Karibu nusu saa nilikaa nikitazama jinsi kila jiwe lilivyokalia mawili ya chini yake, na kokoto zilizokabiwa katikati, kama ulivyokuwa ukipanga mawe ya tanuu usiruhusu hata moja litikisike. Nilitamani uwe kando yangu, unieleze nani alianza kona.

Leo asubuhi nimepanda mashua hadi ghuba ya Vrulja, upande wa kaskazini wa Brela. Pale maji yaliyozama mlimani yanatokea chini ya bahari. Usoni mwa maji unaona duara laini, linalofurika kutoka chini kama chungu kinachoanza kuchemka, lakini ukitia mkono ni baridi ya kuumiza vidole. Nikachota kidogo, nikaonja. Chumvi ilikuwa hafifu, kama maji ya kile kisima chetu cha uani wakati wa masika.